Sura ya Saba: Mabawa ya Mbao kwa Madirisha ya Rubavu

Bawa la dirisha, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni kipande cha mbao chenye fremu yake yenyewe, kinachoning'inizwa kwa bawaba upande wa nje wa ukuta ili kiweze kufunika kioo au kulala kandokando yake. Kazi zake za asili ni kuzuia jua, kukinga mvua ya upepo, kuwasitiri waliomo ndani bila kuwanyima hewa, na kuongeza ulinzi wakati wa usiku. Zaidi ya hayo, bawa hupamba nyumba, kwa kuwa dirisha lililo tupu ni shimo tu ukutani, ilhali dirisha lenye mabawa mawili hupata mipaka, kina na kivuli. Wamiliki wengi wa nyumba leo huyataka mabawa kwa ajili ya pambo peke yake. Hata hivyo, bawa linalopendeza kwa miaka mingi ni lile lililoundwa kwa kanuni zote za bawa linalofanya kazi, kwa sababu kanuni hizohizo ndizo zinazolipa uwiano wake na ndizo zinazolifanya lidumu.

Mji, ziwa na jua

Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, yenye mji wa Gisenyi kama kitovu chake, iko katika pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Kivu, ikipakana moja kwa moja na mji wa Goma ulio upande wa Kongo. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo joto si kali kama la pwani, lakini miale ya jua inayochakaza rangi na kukausha mbao ina nguvu zaidi kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Mvua hunyesha katika misimu miwili mikuu, wa kwanza kuanzia Machi hadi Mei na wa pili kuanzia Septemba hadi Desemba, na kati yake kuna kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Mbao iliyo nje hulowa na kukauka tena na tena kwa kufuata misimu hiyo, na kila badiliko huifanya itanuke au inywee.

Mahali mji ulipo huamua pia ni madirisha yapi yanayohitaji mabawa zaidi ya mengine. Rubavu iko karibu digrii 1.7 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo jua la adhuhuri hupita juu sana mwaka mzima, likielekea kusini kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi, kisha kaskazini kwa miezi iliyobaki. Jua hilo la juu huzuiliwa kwa urahisi na paa lililotokeza mbele ya ukuta. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo gumu, kwa kuwa huingia kwa mlalo chini ya paa, na katika Gisenyi tatizo hilo ni kubwa zaidi kwa sababu ziwa liko upande wa kusini na magharibi, ambako kila mwenye nyumba hutamani madirisha yake yaelekee. Mtu anayetaka kulitazama ziwa hulipokea jua la alasiri pamoja na mng'ao wake juu ya maji. Bawa lenye vibao vya mshazari hujibu hitaji hilo vizuri kuliko pazia, kwa kuwa hulizuia joto kabla halijakifikia kioo, ilhali pazia hulizuia baada ya joto kuwa limekwisha kuingia chumbani.

Urithi wa pwani na kosa la karne ya 20

Katika Afrika ya Mashariki, mabawa ya mbao yana historia ndefu zaidi pwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, hujulikana sana kwa milango ya nakshi, lakini madirisha yake yanastahili kutazamwa kwa makini vilevile. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizojengwa katika karne ya 19, dirisha ni refu na jembamba, na hufungwa kwa mabawa mawili ambayo sehemu yake hujazwa luva, yaani vibao vyembamba vilivyopangwa kwa mshazari, kimoja juu ya kingine, ili hewa ipite na mvua isipite. Hapo hakuna mstari unaotenganisha pambo na kazi, kwa kuwa mpangilio uleule wa vibao unaopooza chumba ndio unaoupa ukuta mweupe mistari yake ya kivuli.

Mtindo wa bawa la pambo tupu ulienea baadaye, hasa Marekani katika karne ya 20, ambako nyumba nyingi za vitongoji zilipigiliwa ukutani mabawa yasiyofunguka wala kufungika, na mengi yake yakiwa membamba kiasi kwamba yangefungwa yasingefikia hata nusu ya dirisha. Mtindo huo sasa huonekana katika michoro ya nyumba za kisasa sehemu nyingi za dunia, Rwanda ikiwemo. Kasoro yake inatokana na kipimo, kwa kuwa jicho la binadamu, hata la mtu asiyejua useremala, hupima kama kitu kinaweza kufanya kile kinachodai kufanya. Bawa lenye upana wa sentimita 30 kando ya dirisha la sentimita 180 hudai kulifunika dirisha hilo, na kila mpita njia huona kwamba haliwezi.

Dirisha kwanza, bawa baadaye

Kabla ya kukata ubao wowote, seremala hulichunguza dirisha lenyewe. Katika miji ya Rwanda, madirisha mengi ni ya chuma au alumini, yakiwa na vioo vinavyofunguka kwa nje na nondo za ulinzi kwa ndani. Kioo kinachofunguka kwa nje hugongana na bawa lililofungwa, na kwa hiyo mwenye nyumba ana njia tatu: kuweka vioo vinavyoteleza, kuweka vioo vinavyofunguka kwa ndani na kuzipanga nondo upya, au kukubali kwamba bawa litafungwa tu wakati vioo vimefungwa. Kwa nyumba ambayo bado haijajengwa, uamuzi huo hugharimu mstari mmoja katika mchoro, lakini ukicheleweshwa hadi nyumba ikamilike hugharimu dirisha zima.

Kanuni ya pili ni ya uwiano. Upana wa kila bawa uwe nusu ya upana wa uwazi wa dirisha, na urefu wake uwe sawa na urefu wa uwazi huo, ukipunguzwa kwa nafasi ndogo ya kuchezea. Kanuni hii hufuatwa hata pale ambapo bawa halitafungwa kamwe. Dirisha pana sana, ambalo nusu yake ingeleta bawa zito lisilobebeka, huhitaji mabawa manne yanayokunjana mawili mawili, au huachwa bila mabawa kabisa, na kuliacha hivyo kuna heshima zaidi kuliko kulipa mabawa ya uongo.

Uteuzi wa mbao

Mbao zinazopatikana Rubavu hutoka katika vyanzo viwili vikuu. Chanzo cha kwanza ni miti iliyopandwa na wakulima na serikali, hasa mikaratusi, migrevilea, misonobari na miseprasi, ambayo ni miti ya kigeni iliyoenezwa nchini katika karne ya 20 na kufanyiwa majaribio mahali kama Arboreti ya Ruhande mjini Huye, iliyoanzishwa katika miaka ya 1930. Chanzo cha pili ni misitu ya asili ya Kongo, ambayo mbao zake ngumu, ikiwemo ile iitwayo libuyu, hufika sokoni kwa kuvuka mpaka.

Libuyu, jina ambalo wafanyabiashara huupa ubao wa jamii ya mkangazi, hukaa imara nje na huchongeka vizuri, lakini mnunuzi anapaswa kudai ushahidi kwamba umevunwa kihalali. Rubavu ina sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hilo, kwa kuwa msitu wa Gishwati, uliowahi kuenea katika milima ya jirani, ulipungua hadi kubaki sehemu ndogo tu katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, kabla ya mabaki yake kuhifadhiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura.

Miongoni mwa miti ya kupandwa, mkaratusi ni mgumu na wenye nguvu, lakini hupasuka na kujipinda ukikaushwa kwa haraka, na asidi iliyomo ndani yake ikikutana na msumari wa chuma wa kawaida huacha doa jeusi lisilotoka. Grevilea ni nyepesi zaidi, ina mistari mizuri inayofanana na ya mwaloni, na hufaa kwa paneli na luva zitakazopakwa rangi vizuri, ila vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya mafundi, na kwa hiyo mikono mirefu na kinga ya pua ni lazima. Seprasi, ikiwa imechaguliwa ubao wa kiini na kuachwa tabaka jeupe la nje, hustahimili hali ya hewa kwa kiasi cha kuridhisha. Msonobari usiotiwa dawa haufai kuwekwa nje.

Jambo linalozidi aina ya mti kwa umuhimu ni ukavu wa ubao. Mbao huendelea kupoteza au kupokea maji hadi zilingane na hewa inayozizunguka, na katika hewa yenye unyevu wa asilimia 75 na joto la digrii 20 za Selsiasi, ulinganifu huo hufikiwa maji yaliyomo yanapokuwa karibu asilimia 14 ya uzito wa ubao mkavu. Ubao uliotoka kupasuliwa unaweza kuwa na maradufu ya kiasi hicho au zaidi. Kwa sababu hiyo, mbao hupangwa chini ya paa, juu ya vigogo vinavyoziinua kutoka ardhini, zikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite pande zote, na huachwa hivyo kwa miezi kadhaa, huku ncha zake zikiwa zimepakwa rangi ili zisikauke mapema kuliko katikati na kupasuka.

Vipimo na viungo

Mfano ufuatao unahusu uwazi wa milimita 1,200 kwa 1,200. Baada ya kutoa nafasi za pembeni na katikati, kila bawa hupata upana wa milimita 595 na urefu wa milimita 1,190. Fremu ya bawa hufanywa kwa miimo miwili, yaani mbao za kusimama, na mitambaa mitatu, yaani mbao za kulala. Miimo huwa na upana wa milimita 70 na unene wa 40. Mtambaa wa juu huwa na upana wa milimita 80, wa kati 90, na wa chini 120, kwa kuwa sehemu ya chini hubeba uzito na hupokea maji mengi zaidi. Hivyo hubaki nafasi mbili za kujazwa, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 450 na upana wa 455: ya juu hupewa luva na ya chini hupewa paneli.

Mitambaa huunganishwa na miimo kwa kiungo cha ulimi na tundu, ambamo ncha ya mtambaa hupunguzwa ikawa ulimi wenye unene wa theluthi moja ya ubao, kisha ikaingizwa katika tundu lililochimbwa kwa patasi ndani ya mwimo. Ulimi unaopenya mwimo mzima na kukazwa kwa kabari mbili, pamoja na kigingi cha mbao kinachopita katikati ya kiungo, hushika hata gundi ikichoka. Misumari na skrubu pekee hazitoshi mahali hapa, kwa kuwa mbao hutanuka na kunywea kila msimu hadi matundu ya misumari yalegee, na bawa huanza kulala upande mmoja. Kabla ya kukazwa, bawa hupimwa kwa guni katika pembe zake, kisha kwa kamba kutoka pembe hadi pembe. Mishazari miwili ikilingana, pembe za bawa ni mraba kweli.

Paneli haigundishwi kamwe. Huingizwa katika mfereji wenye kina cha milimita 12 uliochimbwa katika miimo na mitambaa, na huachwa huru. Hesabu yake ni rahisi: kwa mbao nyingi, ubao uliopasuliwa kwa kufuata pete za mti hubadilika upana kwa karibu asilimia 0.3 kwa kila asilimia moja ya badiliko la maji, na kwa hiyo kati ya kiangazi na masika, badiliko la asilimia 4 huifanya paneli ya milimita 455 itanuke kwa karibu milimita 5 na nusu. Paneli yenye upana wa milimita 473, ikiwekwa katikati, hubakiwa na nafasi ya milimita 3 kila upande ndani ya mfereji, na hivyo hupumua bila kuivunja fremu. Bawa lililogundishwa pande zote hupasuka katikati ya paneli au kufunguka viungo, na mwenye nyumba huulaumu mti kwa kosa la fundi.

Luva

Vibao vya luva katika mfano huu vina upana wa milimita 45 na unene wa 8, na hulazwa kwa pembe ya digrii 45, ukingo wa nje ukiwa chini. Kikilala hivyo, kila kibao hushika kimo cha karibu milimita 37 na nusu. Vikipangwa kwa umbali wa milimita 30, vibao 15 hujaza nafasi ya milimita 450, na kila kimoja hukifunika kinachofuata kwa milimita 7 na nusu, kiasi kwamba mtu aliyesimama nje kwa usawa wa dirisha haoni ndani, na tone la mvua linaloanguka kwa mshazari wa kawaida halipiti. Matundu ya kuvipokea huchimbwa katika miimo kwa kutumia kiolezo, yaani kibao chenye nafasi iliyokwisha kukatwa kwa pembe inayotakiwa, kwa sababu mabawa mawili huhitaji matundu 60 yanayofanana, na tofauti ya milimita mbili katika moja tu huonekana kutoka barabarani.

Nakshi

Paneli ya chini ni mahali pa nakshi, na Rwanda haina haja ya kuazima michoro. Sanaa ya imigongo, inayohusishwa na eneo la kale la Gisaka mashariki mwa nchi, hufinyanga samadi ya ng'ombe juu ya ubao au ukuta kuwa matuta membamba ya mistari, pembetatu na msokoto, kisha huyapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kwa kuwa uzuri wake unategemea tuta na kivuli chake, michoro hiyo huhamia katika mbao bila kupoteza tabia yake. Shule ya Sanaa ya Nyundo, iliyoanzishwa mwaka 1952 ndani ya eneo la Rubavu ya leo na kufundisha uchongaji pamoja na uchoraji, inaonyesha kwamba ujuzi wa patasi si mgeni katika wilaya hiyo.

Hata hivyo, kilichobuniwa kwa ajili ya ndani ya nyumba hakina budi kubadilishwa kinapotoka nje. Tuta linalolala huzuia maji juu yake, na pembe inayofunguka kuelekea juu huyakusanya. Mchongaji hupunguza madhara hayo kwa kuchagua mistari ya mshazari, kutozidisha kina cha milimita 5 katika paneli yenye unene wa milimita 20, na kuziinamisha kingo za juu za kila tuta ili maji yateremke. Mchoro unaochongwa kwa kufuata mkondo wa maji hubaki na rangi yake muda mrefu zaidi, na macho huupokea kama mchoro uliotulia mahali pake.

Bawaba, ukuta na mitetemeko

Bawa lililoelezwa hapa, likiwa la mbao ya uzito wa wastani, hufikia karibu kilo 11, na hubebwa na bawaba tatu. Bawaba za chuma kisichoshika kutu au za shaba nyeupe hustahili gharama yake Rubavu kuliko mahali pengi, kwa kuwa Nyiragongo, volkeno iliyo karibu kilomita 20 kaskazini mwa mji, hutoa gesi za salfa ambazo zikichanganyika na unyevu huwa tindikali inayokula mabati na chuma.

Volkeno hiyo ina funzo jingine. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, mfululizo wa mitetemeko ya ardhi ulipasua kuta za nyumba nyingi za Goma na Rubavu. Kitu kizito kilichoning'inizwa juu ya njia ya watu katika eneo kama hilo huwa hatari endapo kimeshikwa na ukuta pekee. Ukuta wa rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, hauishiki skrubu kwa muda mrefu, na ukuta wa mawe ya volkeno yaitwayo amakoro una matundu na saruji isiyo sawa. Njia salama ni kuzifunga bawaba katika fremu ya mbao ngumu iliyoshikamanishwa na linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, kwa vyuma vilivyojengewa humo. Bawaba za aina ya pini, ambazo bawa huinuliwa na kutolewa kwa mkono, huwekewa kizuizi juu, kwa kuwa mtetemeko nao unaweza kuliinua. Bawa likifunguliwa, hushikwa na kulabu ili upepo wa ziwa usiligonge, na kati yake na ukuta huachwa nafasi ya milimita 15 hadi 20, ambamo hewa hupita na kukausha pande zote mbili. Kipimo hiki cha mwisho kinahusu hata bawa la pambo lisilofungwa, ambalo likikazwa moja kwa moja ukutani huoza kwa nyuma, mahali pasipoonekana.

Rangi na matunzo

Katika jua la mwinuko huu, vanishi inayong'aa hupasuka na kubanduka mapema, kwa kuwa miale hupenya na kuharibu mbao iliyo chini yake. Rangi isiyopitisha mwanga, iliyopakwa juu ya rangi ya msingi, hulinda vizuri zaidi. Kila sehemu hupakwa rangi ya msingi kabla ya kuungwa, na ncha za mbao, ambako nyuzi zimekatwa na hunywa maji kwa wingi, hupakwa mara mbili au tatu. Mwisho wa chini wa miimo ndio huoza kwanza, na ndio ambao wapaka rangi wavivu huuruka. Ukaguzi wa kila kiangazi, kabla ya mvua za Septemba, hutosha: kusugua kwa msasa palipobanduka, kupaka upya, kutia mafuta bawaba, na kukaza kabari iliyolegea.

Kazi hizi zote zimo ndani ya uwezo wa karakana ya kawaida yenye msumeno, randa, patasi, keekee na guni, ikiwemo ile iliyo katika agakiriro, jina la vituo vya ufundi vilivyojengwa katika wilaya nyingi za Rwanda ili kuwakusanya maseremala, wachomeleaji na mafundi wengine mahali pamoja. Kinachotofautisha bawa jema na baya ni uvumilivu wa kukausha ubao, usahihi wa kiungo, na uaminifu wa kipimo. Mwenye nyumba anayelipia vitu hivyo vitatu hununua kivuli, hewa na faragha pamoja na pambo, na fundi anayevitoa hujenga soko ambalo mabawa ya plastiki yaliyoagizwa kutoka mbali hayawezi kulichukua, kwa kuwa bawa lililotengenezwa kwa kiungo na kabari linaweza kurekebishwa katika mtaa uleule lilikoundwa, ubao mmoja baada ya mwingine, kwa muda wote ambao nyumba itasimama.